Taa za karakana ya nyumbani: zipi ununue kwanza, zipi uziache dukani

Anayejijengea karakana uani hupigia hesabu tofali, bati, mlango na mashine. Taa hukumbukwa pesa ikiwa imeisha, na matokeo yake ni balbu moja inayoning'inia katikati ya kenchi. Balbu hiyo hata iwe kali vipi, ukisimama kwenye benchi lililoegemea ukuta inakuwa mgongoni kwako. Kivuli chako kinalala juu ya ubao palepale unapoutafuta mstari wa penseli, na msumeno unakula upande usiotakiwa.

Kwa hiyo orodha hii nimeipanga kwa kigezo kimoja: taa inasaidia kiasi gani mwanga utoke sehemu nyingi na ufike mikononi. Mfano wangu ni banda la mita 3 kwa 6, ukubwa wa gereji ya gari moja, kuta za tofali za bloku, bati juu bila silingi, kazi kubwa ikiwa useremala.

Hesabu kabla ya kwenda dukani

Mwanga unaotoka kwenye taa hupimwa kwa lumeni, na unaofika mezani kwa laksi. Laksi moja ni lumeni moja juu ya kila mita ya mraba. Kiwango cha Ulaya cha mwanga wa sehemu za kazi, EN 12464-1, kinataka laksi 300 kwenye benchi la seremala, 500 kwenye mashine za mbao na 750 kwenye kung'arisha na kupaka rangi. Hakuna mkaguzi atakayekufuata uani na kipimo, lakini namba hizo zinatoa pa kuanzia.

Banda letu lina mita za mraba 18. Zidisha kwa 300, unapata lumeni 5,400 zinazotakiwa kufika kwenye kazi. Kuta za bloku zisizopakwa rangi hunywa mwanga, vumbi la mbao hukaa juu ya taa, na mwingine huishia juu kwenye bati. Kadiria nusu imepotea. Taa zote kwa pamoja zitoe kama lumeni 10,800. Iandike namba hiyo kwenye simu, maana muuzaji atakuuliza unataka wati ngapi, na wewe inabidi umuulize lumeni. Boksi lisiloandikwa lumeni kabisa lirudishe kwenye rafu.

Bei sizitaji hapa kwa sababu hubadilika na dola. Njia ya kulinganisha ni kugawa bei ya taa kwa lumeni zake. Ukifanya hivyo kwenye kaunta tatu za Kariakoo utagundua taa inayoonekana rahisi mara nyingi ndiyo ghali.

1. Tyubu za LED za futi nne

Hizi ndizo namba moja, na sioni ya kushindana nazo kwa kazi ya usiku. Tyubu ya kawaida ya wati 18 hutoa lumeni 1,800 hivi. Sita zinatosha banda letu. Kwa sababu ni ndefu, kivuli chake ni laini: mkono wako ukiziba upande mmoja, upande wa pili unaendelea kumulika. Zifunge kwa mistari miwili inayofuata urefu wa banda, kila mstari ukae juu ya ukingo wa benchi, mbele kidogo ya paji la uso wako unapoinama. Usizipange zote katikati.

Kuna aina mbili. Ya kwanza ni tyubu inayochomekwa kwenye fremu, ikiungua unabadilisha tyubu peke yake. Ya pili imeungana na fremu yake, ni nyembamba na inafungwa haraka, ila ikifa unatupa yote. Kwa karakana nachagua ya kwanza. Kama kazi yako ni ya vumbi jingi, msasa wa mashine kutwa nzima, tafuta iliyofunikwa yenye alama ya IP65. Namba 6 hapo ina maana vumbi haliingii kabisa, na 5 kwamba inastahimili maji yanayorushwa.

Jambo la kuangalia kwa makini ni waya. Tyubu nyingine hupokea laini na nyutro upande mmoja, nyingine laini upande huu na nyutro upande ule. Mchoro huwa umebandikwa kwenye tyubu yenyewe, usome kabla ya kufunga. Zile za pande mbili zina hatari yake: ukichomeka ncha moja umeme ukiwa umewashwa, pini za ncha ya pili zinaweza kukurusha. Zima sakiti breka kwanza, swichi ya ukutani peke yake haitoshi. Na kama unaziweka kwenye fremu za tyubulaiti za zamani, chokoo na stata, vile vifaa vya kuiwasha tyubu ya zamani, viondolewe na waya zipitishwe moja kwa moja, isipokuwa tyubu yenyewe iwe imeandikwa vinginevyo.

Halafu kuna kumeta. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa ya bei ya kutupa isiyo na draiva nzuri, kile kifaa cha ndani kinachotuliza umeme wa LED, humeta mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, lakini msumeno wa duara unaona. Chukua diski ya meno 24. Kila inapopita kwenye kasi inayogawanyika kwa 250, yaani mizunguko 3,000 kwa dakika, 2,750, 2,500 na kushuka, kila mmeto unakuta jino limekaa pale lilipokuwa jino jingine. Macho yanakuambia diski imesimama. Ukizima mashine, diski inapunguza kasi na kupita kwenye kasi hizo zote moja baada ya nyingine, na ni wakati huohuo fundi hunyoosha mkono kuondoa kipande cha mbao.

Kipimo chake ni cha bure. Dukani omba taa iwashwe, kisha upepee penseli haraka mbele yake. Ukiona ukungu mmoja mlaini, taa ni nzuri. Ukiona penseli nyingi zilizotengana kama meno ya kitana, iache. Kamera ya simu ikisogezwa karibu na taa nayo huonyesha mistari myeusi inayotembea. Muuzaji akikataa kuiwasha, kuna duka la pili mlango unaofuata.

Rangi ya mwanga: maduka yetu yamejaa 6500K, ule mweupe unaoelekea bluu. Kwa kukata na kuchomelea hauna tatizo. Kwa vanishi na kulinganisha mbao, 4000K unakaa vizuri zaidi machoni. Muhimu kuliko hiyo ni alama ya Ra au CRI, uwezo wa taa kuonyesha rangi ilivyo. Iwe 80 au zaidi, na kama kazi yako ni kumalizia fanicha tafuta 90. Chini ya taa mbovu mninga na mkongo vinaweza kuonekana ndugu, ukaja kugundua mlango wa kabati umetoka mbao mbili tofauti siku ya kuutoa juani.

Angalia pia volteji. Mota kubwa ikianza kuzunguka, umeme wa mtaani hushuka. Tyubu iliyoandikwa 85-265V itavumilia, ya 220-240V peke yake inaweza kupepesa. Mwisho kabisa tafuta alama ya shirika la viwango: TBS, au KEBS ukiwa Kenya.

2. Bati la mwanga

Hili ni bati la plastiki linalopitisha mwanga wa jua. Si taa, lakini kwa anayefanya kazi mchana ni ununuzi wa maana kuliko balbu yoyote. Jua la mchana linafika laksi 100,000 hivi. Mita moja ya mraba ya bati la plastiki, hata likizuia nusu, inaingiza lumeni 50,000, zaidi ya mara nne ya tyubu zote sita, na mita ya LUKU haisogei. Mawili au matatu yanatosha banda la mita 3 kwa 6. Ukizidisha, ndani panakuwa tanuri.

Nunua la rangi ya maziwa. Lile linaloonyesha kama kioo huleta duara la jua kali linalotembea juu ya benchi, na penye jua hilo mstari wa penseli hauonekani kabisa. Mgongo wake ulingane na bati lako, maana la msauzi halilali vizuri juu ya mgongo mwingine, na mvua ya kwanza itakuonyesha. Uliza kama limekingwa dhidi ya jua, kwani lisilokingwa hugeuka njano na kupasuka penye misumari. Usiliweke juu ya msumeno. Na chini yake funga nondo, kwa kuwa kisu tu kinatosha kumfungulia mwizi paa.

Pamoja na hilo, paka kuta rangi nyeupe isiyong'aa. Ndoo moja ya rangi hukurudishia mwanga uliokuwa unapotelea kwenye bloku, na kama una madirisha ya kufungua, yafungue kaskazini na kusini. Pwani ya Tanzania jua la asubuhi na jioni hupenya dirisha la mashariki au magharibi likiwa chini, moja kwa moja machoni.

3. Taa ya kuelekeza

Ni ile yenye shingo inayokunjika na kibano au sumaku. Moja kwa benchi, moja kwa mashine ya kutoboa. Haichukui nafasi ya tyubu, inajazia pale tyubu zisipofika, kwa mfano ndani ya droo unayoiunganisha au kwenye ncha ya biti. Ina matumizi mengine ambayo wengi hawayajui: ilaze karibu usawa na ubao, mwanga upite juu yake kwa ubavu, na kila mkwaruzo wa msasa utajitokeza kabla hujapaka vanishi. Chagua yenye msingi mzito. Shingo legevu inayoshuka yenyewe itakuudhi kila siku.

4. Taa ya kuchaji

Umeme ukikatika diski bado inazunguka, na wewe umeshika ubao gizani. Taa ya dharura inayojiwasha yenyewe umeme ukipotea, ikiwa imefungwa juu ya msumeno, inakupa nafasi ya kuona mikono yako na kurudi nyuma. Hiyo ndiyo kazi yake. Usinunue kubwa ukitarajia kuendelea na kazi ya mashine, maana mashine zenyewe zimezima. Ijaribu kila mwezi kwa kuzima breka yake, betri hufa kimyakimya.

5. Balbu za LED

Zinafaa stoo, chooni na juu ya mlango. Kwa karakana zinapita tu kama wayaringi ya zamani imeshaacha holda nyingi, na hata hapo uzitawanye kama tyubu. Hakikisha umejua holda zako ni za pini au za skruu.

6. Fladilaiti

Watu huipenda kwa sababu ya wati 50 au 100 kwenye kisanduku kimoja. Ndani ya banda ni adui: inachoma macho, inatupa kivuli kikali kama kisu, na kila unapoinua kichwa unabaki unaona madoa. Iweke nje, imulike uwanja unapopakua mbao usiku.

7. Tyubulaiti za zamani za floresenti

Hata ukipewa bure, fikiria mara mbili. Tyubu ya wati 36 pamoja na chokoo lake hula kama wati 45. Sita kwa saa 5 kila siku, siku 26 za mwezi, ni uniti 35. LED sita za wati 18 kwa muda uleule ni uniti 14. Kwa aliye kwenye tarifu ya TANESCO ya matumizi madogo, yenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, tofauti hiyo inatosha kumtoa kwenye daraja. Tena zenye chokoo la zamani nazo humeta. Ndani zina zebaki, na mwaka 2023 nchi za Mkataba wa Minamata, ule wa kudhibiti zebaki, zilikubaliana kwamba kufikia 2027 zikome kutengenezwa na kuvushwa mipakani, kwa hiyo za kubadilishia zitaadimika. Unazozitoa usizivunjie uani.

Waya na breka

Taa ziwe na laini yake, mashine na yake. Msumeno ukikwama ukaangusha breka, taa zibaki zinawaka. Kwa taa waya wa milimita za mraba 1.5 na breka ya ampea 6 au 10. Kwa soketi waya wa 2.5, na ulinzi wa miliampea 30 dhidi ya kupigwa na umeme. Waya zipite ndani ya paipu, panya wanapenda kenchi. Kufunga fremu na kuvuta paipu unaweza mwenyewe. Kuunganisha kwenye meni swichi mwite fundi umeme mwenye leseni ya mamlaka ya nishati, EWURA, na Kenya ya EPRA.

Pesa ikiwa haitoshi kwa pamoja, mwambie fundi aache nafasi ya fremu sita tangu mwanzo, kisha ununue tyubu mbili za juu ya benchi. Mwezi unaofuata mbili za juu ya mashine pamoja na taa ya dharura. Rangi nyeupe ije kabla ya tyubu mbili za mwisho, kwa sababu ukishapaka huenda ukaziona hazihitajiki.