Programu ya mahesabu ya lori: nyota tatu

Nina Scania moja na tela, naendesha mwenyewe Dar–Tunduma. Siku zote faida kwangu ilikuwa hela iliyobaki mfukoni nikirudi. Programu hii imeniumbua. Niliingiza dizeli lita 900 kwenda na kurudi, posho ya utingo, maegesho, pancha ya Mikumi; bado nikaona nimebakiwa na kitu. Kisha ikaniuliza matairi. Yako 22, moja laki nne na nusu, seti inanidumu safari kama 40. Kumbe kila safari inakula karibu laki mbili na nusu za mpira tu! Jinsi mlima Kitonga ulioko njiani unavyokula matairi, sikuhesabia kamwe.

Kasoro: inadai bando hata kuandika risiti ya grisi, na haina sehemu ya mshahara wa dereva ambaye ndiye tajiri, yaani mwenye lori. Wangu nimeuchomeka kwenye “mengineyo”.