Mashine ya Tatu Ndiyo Iliyomnyoa Chui

Mbwa wangu Chui ana kilo sita na woga wa kilo sitini. Manyoya yake ni yale yasiyoacha kukua, kama ya mbwa wa aina ya Shih Tzu. Zikipita wiki sita bila kunyolewa, macho hayaonekani na kwapa zimejaa mafundo. Nilichoka kumpeleka kwa kinyozi wa mbwa na kumrudisha anatetemeka, nikasema nitamnyoa mwenyewe.

Mashine ya kwanza haikuwa hata yangu. Ni ya mume wangu, ya ndevu (hajui mpaka leo, na nyinyi msimwambie). Manyoya ya mbwa yamesongamana kuliko nywele za mtu. Ile mashine ilipita mara mbili, ikabanwa, ikaanza kuvuta badala ya kukata, na meno yake nilipoyagusa yalikuwa ya moto. Chui akakimbilia chini ya kitanda, upande mmoja kanyolewa, upande mwingine bado. Alikaa hivyo siku tatu.

Basi nikanunua dude kubwa la waya, lenye meno ya kubadilisha, yale yenye namba. Hapo sikuuliza mtu, nikaumbuka. Kwenye meno hayo namba ikipanda, manyoya yanabaki mafupi zaidi: namba 4 huacha kama milimita 9.5, namba 10 huacha milimita 1.5 tu. Mimi nikachukua 10 nikidhani ndiyo ndefu. Mgongo wa Chui ukawa kama yai lililomenywa. Nguvu ilikuwa nayo, siikatalii, na kwa mbwa mkubwa ningeisifu. Lakini ilinichosha mkono, na kuisogeza kwenye sikio la kambwa kadogo ni sawa na kumwegeshea pikipiki.

Hii ninayotumia sasa, huu ni mwezi wa tano tangu nianze, ni ndogo, ya kuchaji, nyepesi kiasi cha kushikwa kwa vidole. Kilichonivutia ni ukimya wake kuliko nguvu. Hata hivyo sikumnyoa siku ya kwanza. Niliiwasha karibu na bakuli lake la chakula siku nne mfululizo, bila kumgusa. Siku ya tano akainusa, akapiga chafya, akaendelea kula.

Jino linalocheza ni la seramiki, halipati moto haraka kama la chuma, ila likianguka sakafuni limekwisha. Najua kwa sababu nimeshaangusha moja. Na seramiki si kinga ya kila kitu: matone mawili ya mafuta kabla ya kuanza, na kila baada ya dakika chache naigusisha kwenye kifundo cha mkono kwa ndani. Ikinichoma mimi, yeye itamchoma zaidi, kwa hiyo tunapumzika.

Imekuja na vichana vya kupachika juu ya meno, vya kuacha manyoya ya milimita 3, 6, 9 na 12. Cha 9 ndicho mwenzangu. Lakini kichana hakipiti kwenye manyoya machafu wala yenye mafundo, na hapa ndipo wengi tunailaumu mashine bure. Namwosha, namkausha mpaka kwenye ngozi, nachana hadi shina, ndipo nanyoa kwa kufuata manyoya yanavyolala. Kwapani na kwenye mkunjo wa paja naivuta ngozi ikae sawa kwanza, maana ni nyembamba na inaingia kwenye meno kirahisi.

Kasoro zipo. Kichana cha 12 ni plastiki laini na huchomoka. Kilichomoka katikati ya kiuno, kikaacha shimo lililokaa wiki tatu. Haifanyi kazi ikiwa kwenye chaji, kwa hiyo betri ikiisha una mbwa nusu. Na katikati ya vidole haiingii vizuri, huko natumia mkasi mdogo wenye ncha butu.

Jirani alipomwona Chui kapendeza akaja kuiazima amnyoe mbwa wake kwa ajili ya joto. Mbwa wake ana manyoya ya tabaka mbili, yale yenye sufu chini, ambayo humkinga na jua pia na yakinyolewa huenda yasirudi kama yalivyokuwa. Nikamnyima mashine, nikampa brashi. Bado hajairudisha.