Commodore 64 halisi na emuleta ya VICE: uzoefu wangu wa kuzitumia zote mbili

Ninaishi Ujerumani, nchi ambayo katika miaka ya 1980 Commodore 64 ilikuwa kompyuta ya nyumbani ya watu wengi, na ambako hadi leo mtu hahangaiki sana kuipata kwa wauzaji wa mitumba. Ninayo moja, pamoja na kisoma diski chake cha 1541 na televisheni ya chogo, na kwenye kompyuta yangu ya kazi nimeweka VICE, emuleta ya bure, yaani programu inayoiga mashine hiyohiyo. Kwa kuwa ninazitumia zote mbili kwa shughuli zilezile, naweza kusema kwamba anayetaka programu za zamani hana haja ya kununua mashine, ilhali anayetaka sauti na mwendo wa picha kama vilivyokuwa atapungukiwa na mambo machache, tena ya kutajika.

Ukiifungua VICE unapokewa na skrini ileile ya buluu inayokuarifu kwamba BASIC, lugha ya programu ya mashine hiyo, imebakiwa na baiti 38911, na ukiandika amri ya POKE 53280,0 ukingo wa skrini unageuka mweusi papo hapo. Hilo si jambo gumu kuliiga. Gumu ni lile linalofanywa na toleo lake liitwalo x64sc, ambalo huiga prosesa ya 6510 na chipu ya picha ya VIC-II kwa kila mzunguko wa saa ya mashine, kwa sababu waandishi wa programu wa enzi zile walizoea kubadilisha rangi au kusogeza picha wakati mstari wa skrini ungali unachorwa, na kosa dogo la muda lilitosha kuvuruga kila kitu. Hata kisoma diski huigwa kama kompyuta inayojitegemea, maana 1541 ina prosesa yake na kumbukumbu yake ya kilobaiti 2, na programu nyingi huiamuru moja kwa moja ili kupakia data kwa kasi zaidi.

Bila mbinu hizo, 1541 hupakia baiti 300 hadi 400 tu kwa sekunde, kwa hiyo mchezo wa kilobaiti 40 unakusubirisha takriban dakika mbili, wakati VICE inaweza kuikimbiza saa ya mashine na kumaliza kazi hiyo kwa muda mfupi sana. Vilevile unaweza kuhifadhi hali nzima ya mashine na kuirejea kesho yake. Usalama nao si jambo la kupuuza: adapta za umeme za zamani zinafahamika kwa kuharibika kwa namna ambayo volti 5 hupanda na kuunguza chipu za kumbukumbu, hivyo anayenunua mashine ahesabu pia gharama ya adapta mpya kabla hajaiwasha.

Upande wa sauti ndipo ninapoisifu emuleta na kuilaumu kwa pamoja. Chipu ya SID, iliyobuniwa na Bob Yannes, ina sauti tatu zinazopitishwa kwenye kichujio cha analogi, na katika toleo la awali la 6581 vichujio hivyo hutofautiana kati ya chipu na chipu, kama ngoma mbili za fundi mmoja zisivyolingana mlio. VICE inakuruhusu kuchagua kati ya 6581 na 8580 iliyofuata, na hata kurekebisha tabia ya kichujio, lakini hapo unakuwa umechagua SID ya wastani. Katika mashine yangu besi ya baadhi ya nyimbo ni nzito na yenye kiza ambacho sijaweza kukipata kwenye mipangilio yoyote. Kwa haki, mwenye 8580 halisi naye ana upungufu wake, kwa kuwa sauti zilizorekodiwa na kuchezwa kupitia rejista ya ukubwa wa sauti (sehemu ya chipu inayopandisha na kushusha sauti) hufifia mno kwenye chipu hiyo.

Picha ina tatizo jingine. Mashine za Ulaya huchora takriban fremu 50 kwa sekunde, ilhali skrini nyingi za sasa huonyesha 60, kwa hiyo katika kila fremu tano moja huonyeshwa mara mbili. Katika mchezo ambao mandhari inatiririka kutoka kulia kwenda kushoto, jicho linaona kijishtuko kidogo kinachojirudia, ambacho kwenye televisheni ya chogo hakipo kabisa. Skrini inayoweza kubadilisha kasi yake inaliondoa tatizo hilo. Bunduki za mwanga, hata hivyo, hazina dawa, kwa kuwa zinategemea mwali unaofagia kioo cha chogo. Kuhusu kibodi, utazoea: RUN/STOP iko kwenye Esc na RESTORE kwenye Page Up, ingawa utakosa alama za michoro zilizochapwa kwenye uso wa mbele wa vitufe.

Jambo ambalo wanunuzi wengi hawalifikirii ni diski zenyewe. VICE haiwezi kusoma diski ya inchi 5.25 uliyoikuta kabatini; inahitaji faili ya D64, yaani nakala ya diski yenye baiti 174,848, na faili hiyo sharti itolewe na kisoma diski kinachofanya kazi. Mimi nimeunganisha 1541 kwenye kompyuta ya kawaida kwa adapta ya USB iitwayo ZoomFloppy, na diski zilizowekewa kinga ya kunakiliwa ninazihifadhi kwa mfumo wa G64, unaobeba hata yale ambayo D64 huyaacha. Kwa sababu hiyo, mtu mwenye sanduku la diski za familia na fedha za kifaa kimoja tu ningemshauri anunue kisoma diski, na Commodore 64 yenyewe aiache dukani.