Mtandio wa maganda ya vitunguu, Dodoma

Jamani mlioko Dodoma, kuna dada anafuma vitambaa kwa mkono karibu na soko la Majengo, nimechukua mtandio wa pamba kwake na huu mwezi wa pili naufua kila wiki haujachuja hata kidogo. Ile rangi ya dhahabu ni maganda ya vitunguu tu, vile vya Singida, anayachemsha anatia na shabu ili rangi ishike ndo anazamisha kitambaa. Vipande vinavyobaki anashonea vipochi. Pindo lake sasa, lishike uone, nyuzi zimesokotwa mbili mbili kwa vidole, hamna mashine. Bei 35,000 imechangamka ila kwa siku tatu za kufuma me naona ni halali yake. Mzigo ulichelewa lakini alinipigia mapema. Jumamosi naenda kumchukulia mama wa kwake.