Sanger ya Hinxton: kazi yake ina thamani gani kwa mtafiti wa nje?

Taasisi ya vinasaba usiipime kwa wingi wa makala. Ipime kwa kile ambacho watu wasio wake wanaweza kukitumia. Kwa kipimo hicho Wellcome Sanger Institute, iliyofunguliwa Hinxton, Uingereza, mwaka 1993, ina kazi kubwa ya kuonyesha. Karibu theluthi ya jenomu (mfuatano wote wa DNA) ya kwanza ya binadamu ilisomwa hapo, na baada ya makubaliano ya Bermuda ya 1996 matokeo yaliwekwa wazi ndani ya saa 24. Mwaka 2002 watafiti wake waligundua hitilafu ya jeni ya BRAF katika melanoma, aina ya saratani ya ngozi. Mwaka 2011 vemurafenib, dawa inayoilenga, ikaidhinishwa Marekani.

Kwa Afrika Mashariki, kilele ni Dantu, aina adimu ya damu. Utafiti wa 2017, uliofanywa pamoja na Oxford, ulionyesha kwamba aina hii ya damu hupunguza hatari ya malaria kali kwa takriban asilimia 40. Sababu ikapatikana 2020 kwa damu ya watoto wa Kilifi: utando wa chembe nyekundu zenye Dantu umekaza kama ngozi ya ngoma iliyowambwa, kimelea kinagusa lakini kinashindwa kupenya. Huo ni ujuzi wa kweli, na umetoka kwetu.

Data za Uganda, nazo za Sanger, zinahitaji uangalifu. Jenomu 1,978 za Kyamulibwa na vijiji jirani zilisomwa kwa wastani wa mara 4 tu kwa kila sehemu ya DNA, kwa hiyo badiliko linaloonekana kwa mtu mmoja pekee usiliamini kabla ya kulipima upya. Kwa mabadiliko yaliyoenea, ni hazina.

Kasoro ipo kwenye njia ya kuzifikia. Data za watu zimehifadhiwa EGA, hifadhi ya Ulaya ya data za vinasaba zenye ulinzi, na mkataba wa kuzitumia lazima utiwe saini na afisa mwenye mamlaka wa chuo. Saini ya mwanafunzi au ya msimamizi wake haitoshi, na hapo ndipo maombi yanaweza kukwama. Ukiruhusiwa, pakua kwa pyEGA3, programu ya EGA ya kupakulia, maana mtandao ukikatika inaendelea ilipoishia. Faili za CRAM, yaani data za DNA zilizobanwa, kwa kawaida hazisomeki bila jenomu rejea (jenomu ya kulinganishia) ileile iliyotumika kuzibana. Tena kagua majina ya kromosomu: «chr1» upande mmoja na «1» upande wa pili huweza kukupa jedwali tupu bila onyo lolote. Anza na saini, diski ya kuhifadhia data utanunua baadaye.