SMS: biti 7 au biti 16 kwa kila herufi?
SMS moja ina nafasi ya baiti 140, yaani biti 1,120 (kila biti ni sifuri au moja), basi. Ukiandika kwa alfabeti ya GSM, seti ya msingi ya herufi za SMS, kila herufi huchukua biti 7 (a ni 1100001), hivyo zinaingia herufi 160. Kiswahili cha kila siku hakihitaji zaidi.

UCS-2, mfumo mwingine wenye herufi za lugha nyingi, hutumia biti 16: a ileile inatanguliwa na sifuri tisa za bure, na nafasi zinashuka hadi 70. Lakini Kiarabu na Kiamhari vinaandikika. Kero ni kwamba simu haikuulizi. Ritifaa moja iliyopinda kwenye ng’ombe, tena iliyowekwa na kibodi yenyewe, mara nyingi huhamishia ujumbe mzima UCS-2. Herufi 100 zinakuwa SMS mbili, na salio linakatwa mara mbili. Kwa matangazo ya wateja, mimi nachagua GSM na ritifaa iliyonyooka.