Nahau au methali? Ziweke ubavu kwa ubavu

Ukimwambia mtu "fulani amepata jiko", umetumia nahau: fulani ameoa. Ukimwambia "mtaka cha mvunguni sharti ainame", hiyo ni methali. Wengi huzichanganya kwa sababu zote mbili zina maana iliyofichika.

Mimi huanzia kwenye kitenzi. Nahau hunyambulika na kubeba nafsi na wakati kama kitenzi chochote: nimepiga moyo konde, hatukupiga moyo konde, watapiga moyo konde. Methali haikubali mchezo huo. Nani atasema "aliyetaka cha mvunguni alilazimika kuinama"? Labda kwa utani tu. Methali ni kauli kamili, mara nyingi yenye vipande viwili, ndiyo maana mzee akitamka "haba na haba", wajukuu humalizia "hujaza kibaba".

Kuna tofauti nyingine ambayo naipenda zaidi. Methali nyingi ni kweli hata ukizichukua kijuujuu. Kitu kikiwa mvunguni mwa kitanda, utainama. Nahau nyingi hazina ukweli huo. Aliyekula chumvi nyingi ni mzee, wala si mpenda chumvi, na mlevi "aliyevaa miwani" huenda macho yake ni mazima kabisa.

Mipaka huvukwa, lakini. "Dau la mnyonge haliendi joshi" ni methali, ila ndani yake umekaa usemi wa mabaharia, kwenda joshi, yaani chombo kusafiri kikiukabili upepo, ambao nje ya methali hiyo vijana wengi wa bara hawajawahi kuusikia.